Raba za Bei Mbaya, Meno Hayana Kinga

Wachezaji wetu wa vyuoni wanalinda goti, kifundo na hata nywele. Kitu cha kwanza ambacho mpenzi anakiona wanakiacha wazi.

Hebu tuongee ukweli, msomaji wangu. Nenda jioni yoyote kwenye kiwanja cha basketi cha chuo chochote, kaa pale pembeni na soda yako baridi, halafu wakague wachezaji kuanzia chini kwenda juu. Mguuni kuna raba za bei mbaya zilizokula nusu ya bumu. Kwenye kifundo kuna bandeji ya kubana, gotini kuna kinga, mkononi kuna kile kitambaa cha kufutia jasho. Kichwani nywele zimechongwa na kinyozi wa uhakika. Ukifika mdomoni, hakuna kitu. Meno yote yako nje yanasubiri kiwiko cha mtu.

Na kiwiko kinakuja. Mpira unagonga ringi, watu sita wanaruka pamoja, mikono imetanuliwa kila upande, na anayetangulia kushuka na mpira anageuka kwa nguvu ili asinyang'anywe. Hapo ndipo mtu anashika mdomo. Wala hajapigwa kwa ubaya, ndivyo mchezo wenyewe ulivyo. Wanaocheza netiboli wanaijua hadithi hii, wa mikono wanaijua, wa magongo ndiyo usiseme, maana pale kuna fimbo na mpira mgumu. Kwenye soka ni vichwa viwili kugombea kona moja.

Meno yanayoumia zaidi ni yale mawili ya mbele, ya juu. Wenye meno yaliyochomoza mbele wako kwenye hatari kubwa kuliko wengine, kwa sababu mdomo wa juu hauyafuniki vizuri. Sasa jiulize, mwanya unakaa wapi? Si hapo hapo katikati ya hayo mawili? Ule mwanya uliokupa homa siku ya kwanza kantini, hadi ukasahau chenji yako, ndio uko mstari wa mbele kila Jumamosi bila ngao.

KWA NINI HAWAVAI?

Kuna kifaa kidogo cha plastiki laini kinachovaliwa juu ya meno ya juu. Mabondia wanakiita gamshildi. Sisi hapa tutakiita kinga ya meno, tuelewane. Kazi yake ni rahisi: pigo likija, plastiki inalipokea na kulisambaza, lisiishie lote kwenye jino moja. Pia inaweka kitu laini kati ya meno ya juu na ya chini yasigongane, na kati ya meno na mdomo.

Ukiwauliza wachezaji kwa nini hawaivai, sababu ya kwanza haitakuwa bei. Itakuwa macho ya watu. "Wewe umekuja kupigana?" Mtu akiitoa tu kwenye begi, timu nzima inacheka. Halafu inavimbisha mdomo, na bishoo hataki kuonekana amevimba wakati jukwaa limejaa wadada wa mwaka wa kwanza. Wengine wanasema hawawezi kuongea nayo wala kupumua vizuri. Hili la kuongea na kupumua lina ukweli kwa zile za hovyo, tutafika huko.

Sababu nyingine ni kwamba hakuna anayewalazimisha. Kwenye soka, Sheria ya 4 inasema mchezaji avae vikinga ugoko, na refa anakagua. Mdomo haukaguliwi na mtu. Mimi binafsi jambo hili hunishangaza. Mfupa wa mguu ukivunjika unaunga. Jino la ukubwani likivunjika halikui tena, ndilo la mwisho ulilopewa.

Halafu kuna mazoezi. Hata wachache wanaovaa siku ya mechi huiacha hosteli siku za mazoezi, wakati mazoezi ni siku nne kwa wiki na mechi ni moja. Kiwiko cha rafiki yako kina mfupa ule ule kama cha mpinzani.

MABONDIA WALIANZA, NAO WALICHEKWA

Kinga ya meno si kitu kipya. Mwaka 1890 daktari wa meno wa London, Woolf Krause, alianza kuwatengenezea mabondia vipande vya gata-pacha, aina ya utomvu wa mti unaolainika ukipashwa moto. Mtoto wake Philip, ambaye naye alikuwa daktari wa meno na bondia wa ridhaa, akaendeleza kazi hiyo. Mmoja wa mabondia wa kwanza wakubwa kupanda nayo ulingoni alikuwa Mwingereza Ted "Kid" Lewis.

Unadhani alishangiliwa? Mwaka 1921, Lewis alipokwenda New York kupigana na Jack Britton, upande wa mpinzani ulilalamika kwamba ana kitu kisichoruhusiwa mdomoni. Miaka 6 baadaye, 1927, Mike McTigue alikuwa anaendelea vizuri tu dhidi ya Jack Sharkey mpaka jino lake mwenyewe lililovunjika lilipomchana mdomo, na pambano likasimamishwa. Kwa ajili ya jino! Baada ya hapo malalamiko yakapungua sana. Leo bondia asiyekuwa nayo hapandi ulingoni. Hata ile usiku mbaya ya Juni 28, 1997, Mike Tyson alipotoka kwenye kona yake raundi ya 3 bila kinga, refa alimrudisha akaivae kwanza. Ilibidi aitoe tena ili aweze kumng'ata Holyfield sikio, lakini hayo ni mambo mengine.

Raga nao wameenda mbali. Jirani zetu Kenya wana timu za vyuo zenye majina makubwa, Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Blak Blad ya Kenyatta, Leos ya Strathmore, na katika mchezo huo kinga ya meno ni kitu cha kawaida kwenye begi la mchezaji kama soksi. Tangu Januari 2024, kwenye mechi za ngazi ya juu za kimataifa, World Rugby imeingiza kinga zenye kifaa kidogo cha umeme ndani yake. Mchezaji akipata pigo zito la kichwa, kifaa kinapima nguvu yake na taarifa inamfikia daktari pembeni ya uwanja.

Kwa hiyo wenye michezo inayoonekana ya kibabe wamejipanga. Wanaobaki na meno mapengo ni wale wanaodhani mchezo wao ni wa kistaarabu. Basketi, kwa mfano.

VYUO VYA MAREKANI WALIHESABU

Tunapozungumzia basketi ya vyuo, Marekani ndiko inakotazamwa kuliko kote. Ndiko alikopita kijana wetu Hasheem Thabeet, kutoka Makongo hapa Dar mpaka Chuo Kikuu cha Connecticut, kabla ya kuchaguliwa namba 2 kuingia NBA mwaka 2009. Kule mpira wao wa miguu wa helmeti ulilazimisha kinga ya meno kwa vyuo tangu 1973. Basketi haikulazimisha, na mpaka leo haijalazimisha. Hii iliwapa watafiti nafasi nzuri: wapo wanaovaa na wapo wasiovaa, katika ligi moja, msimu mmoja.

Wakafuatilia timu 50 za wanaume za vyuo vya daraja la juu na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Walihesabu kila mara mchezaji alipoingia uwanjani, iwe mazoezi au mechi, jumla zaidi ya mara 70,000. Kwa waliovaa kinga iliyotengenezwa kwa vipimo vya mdomo wao, majeraha ya meno yalikuwa 0.12 kwa kila mara 1,000. Kwa wasiovaa yalikuwa 0.67. Yaani zaidi ya mara tano. Na waliolazimika kupelekwa kwa daktari wa meno? Upande wa wasiovaa 0.72 kwa kila mara 1,000. Upande wa waliovaa, hakuna hata mmoja.

Nisikudanganye lakini. Utafiti huo huo haukuona tofauti ya maana kwenye mtikisiko wa ubongo, wala kwenye michubuko ya midomo na fizi. Kwa hiyo muuzaji akikuambia kinga hii inalinda na ubongo, mwambie asante, mimi nimekuja kununua ya meno.

Ukiangalia NBA, anayejulikana zaidi kwa kinga ya meno ni Stephen Curry, ambaye alianza mazoea hayo akiwa bado mchezaji wa chuo cha Davidson. Tatizo ni kwamba Curry anaitafuna kama bigijii. Akienda kupiga mitupo huru inaning'inia nje ya mdomo, na akikasirika anairusha. Fainali za 2016 aliirusha ikampata shabiki, akatozwa faini ya dola 25,000. Vijana wetu wameiga kuining'iniza. Sasa kinga inayoning'inia kwenye shavu inalinda shavu.

MTUMBA, YA DUKANI AU YA FUNDI

Chukulia kama nguo. Kuna ya aina ya mtumba, yaani unaichukua kama ilivyo, saizi moja kwa watu wote. Hii ndiyo rahisi na ndiyo mbaya. Haishiki meno, inabidi uiume muda wote isidondoke, na kweli huwezi kuongea wala kuvuta pumzi sawasawa. Wengi wanaosema "nilijaribu, haivaliki" walijaribu hii.

Ya pili ni ya kuchemsha na kuuma. Unaitumbukiza kwenye maji ya moto kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, unaiacha ipoe kidogo, unaivaa, unauma taratibu huku unaibana kwa vidole na ulimi ifuate meno yako. Ikipoa imeshachukua umbo lako. Kwa mwanafunzi wa chuo hii ndiyo naipendekeza kwa kuanzia. Inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya michezo, Kariakoo ukiulizia vifaa vya ngumi utaonyeshwa, na haikaribii hata robo ya bei ya zile raba. Siri yake ni kutokuwa na haraka wakati wa kuuma. Ukiuma kwa nguvu sana plastiki inakuwa nyembamba pale pale mbele, ambapo ndipo unapoihitaji iwe nene. Ukikosea umbo, rudia kwenye maji ya moto kama maelekezo ya pakiti yanaruhusu.

Ya tatu ni ya fundi, na fundi mwenyewe ni daktari wa meno. Anachukua umbo la meno yako kwa udongo laini unaoganda, anatengeneza mfano wa mdomo wako, halafu anapasha plastiki juu ya mfano huo. Inashika yenyewe, unaongea, unamtukana refa kimoyomoyo na hata kwa sauti. Bei yake iko juu, sitaficha. Lakini kama unacheza kweli, mpaka michezo ya vyuo vya Afrika Mashariki, au una ndoto za kulipwa, weka akiba. Mwenye nyaya za kunyoosha meno asijichagulie dukani, aende kwa daktari kwanza, kwa sababu meno yake yanahama na kinga inatakiwa iache nafasi.

Na tafadhali, msiazimane. Kinga ya meno inakaa na mate, na mara nyingine damu. Ukiazima ya mwenzako umembusu, na kama yeye aliazimwa na mwingine umeibusu timu.

JINO LIMEDONDOKA, DAKIKA ZINAHESABIKA

Hapa nataka kila mtu asome, hata wewe ambaye hujawahi kugusa mpira. Maana jino likidondoka uwanjani, mwenye jino huwa amechanganyikiwa, na anayeokoa mambo ni rafiki au mpenzi aliyekuwa jukwaani.

Jino la ukubwani likitoka zima na mzizi wake, linaweza kurudishwa na likashika tena. Ndiyo, umesoma vizuri. Kwenye mzizi kuna nyuzi nyembamba sana zilizo hai, ndizo zinazolishikilia jino kwenye mfupa. Zikikauka zinakufa, na zikifa nafasi ya jino kushika inapungua vibaya. Kukauka hakuchukui siku. Ni suala la dakika, na baada ya saa moja kavu hali inakuwa mbaya sana.

Kwa hiyo kwanza litafute jino. Lishike upande wa kutafunia, ule mweupe unaoonekana mtu akicheka. Usiguse mzizi. Kama lina vumbi, lisuuze haraka kwa maziwa au maji safi yanayotiririka, sekunde chache tu. Usilisugue kwa shati, usilikwangue, usilifunge kwenye tishu. Tishu ndiyo inayoua meno mengi, kwa sababu mtu anadhani amelitunza kumbe amelikausha. Kama mwenyewe ana fahamu zake na mnaweza, lirudisheni kwenye tundu lake hapo hapo, upande wa mbele ukiwa mbele, kisha aume leso taratibu kulishikilia huku mnakwenda hospitali.

Mkishindwa kulirudisha, litieni kwenye maziwa. Maziwa ya baridi, ya pakiti au yale ya mama wa chai pale kantini, yasiyo na sukari wala majani. Mwambieni mama ni dharura, atawapa. Hakuna maziwa? Mwenye jino ateme mate kwenye kikombe kisafi, litumbukizeni humo. Maji ya bomba ni chaguo la mwisho, lakini hata hayo ni afadhali kuliko mfukoni. Najua wa pwani mtaniuliza habari za dafu. Limejaribiwa maabara, matokeo yakapishana, wengine wakalisifu, wengine wakaona maziwa yanalishinda. Mimi ningekimbilia maziwa.

Halafu pikipiki, bajaji, gari la kocha, chochote. Lengo ni kufika kwa daktari wa meno ndani ya nusu saa, ikizidi sana saa moja. Daktari atalifunga jino kwenye meno jirani kwa wiki mbili hivi, na mara nyingi litahitaji kutibiwa ndani ya mzizi baadaye. Kama lilidondoka kwenye udongo, uliza kuhusu sindano ya pepopunda. Mtu akiwa amezimia, anatapika au haelewi yuko wapi, sahau jino, kichwa kwanza.

Kama limevunjika kipande tu, tafuta kipande. Kikiwa kizima daktari anaweza kukigandisha tena ukashindwa kuona mstari. Na kama limelegea tu, acha kulitikisa kwa ulimi kila dakika, nenda likaangaliwe. Kuna jino linalopigwa leo, linatulia, halafu miezi kadhaa baadaye linaanza kubadilika rangi na kuwa la kijivu kwa sababu limekufa ndani.

NA NYINYI WAWILI JE?

Mtu aliyepoteza jino la mbele akiwa na miaka 21 anabadilika. Tuseme ni dada wa netiboli aliyekuwa anacheka hadi majirani wa hosteli wanagonga ukuta. Sasa anacheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Kwenye picha za mahafali anafunga midomo. Anaanza kukwepa busu, na wewe kaka unadhani amepata mwingine, kumbe anaogopa lile jino la kuvaa na kuvua lisicheze. Usaili wa kazi unakuja, anaongea kwa sauti ya chini, na waliomhoji wanasema hajiamini. Akisubiri fedha za jino la kupandikizwa kwenye mfupa anaweza kusubiri miaka.

Kama uko na mtu wa namna hiyo, usifanye utani wa pengo, hata kama yeye mwenyewe anautania. Anautania ili akuwahi. Mwambie unachokiona ukimtazama, na umsindikize kliniki. Kwenda kwa daktari wa meno peke yako ni adhabu.

Na kama meno yake bado yako salama, wewe ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko kocha. Kocha akisema vaa, ni amri. Wewe ukimwambia "naupenda huo mwanya, naomba uulinde," hiyo ni lugha nyingine kabisa. Dada mmoja akianza kumwuliza wake kila jioni "umeibeba?", wenzake watacheka wiki ya kwanza. Wiki ya tatu na wao watataka kuulizwa.

Siku yake ya kuzaliwa ikikaribia, achana na perfyumu ya tatu. Mnunulie ya kuchemsha na kuuma, mkaichemshe pamoja jikoni, umsimamie wakati anauma maana wanaume hawasomi pakiti. Nunua na kijisanduku chake chenye matundu ya hewa. Mwambie akitoka uwanjani aisuuze kwa maji ya baridi, aisugue kwa mswaki, aiache ikauke. Asiiache kwenye dashibodi ya gari juani wala asiifungie kwenye begi pamoja na soksi. Ikianza kulegea au kupasuka, na kwa vyovyote msimu ukiisha, ni kununua nyingine.